Ushauri: nina negativu za miaka 19, na majina ya watu yamo kwenye disketi za zamani

Mzee wa Mapipa

Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri wenu, na mnivumilie kwa urefu, maana jambo hili nikilifupisha halieleweki.

Nina miaka 66, naishi Magomeni Mapipa. Chumba cha uani kwangu kina masanduku manne ya negativu, nyingi za milimita 35 na nyingine zile kubwa za filamu aina ya 120, kuanzia 1977 hadi 1996. Kuna na katoni la majarida. Juu ya kabati kuna boksi la viatu lenye disketi 11 za kuhifadhia kazi za kompyuta, zile pana za inchi tano na robo zinazopinda. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa vitu vya kale, akaniahidi shilingi milioni tatu kwa negativu zote. Disketi hazitaki, alisema hizo nitupe tu. Mwanangu anasema niuze, chumba kipatikane tuweke mpangaji. Si mtoto mbaya. Ana watoto watatu wanasoma na hesabu yake ni ya kweli.

Sasa niwaeleze kwa nini usingizi umepungua.

Nilianza kazi kwenye studio ya picha Kariakoo nikiwa na miaka 18, kazi yangu kukoroga dawa na kubeba maji. Baadaye nikaruhusiwa kusafisha picha mwenyewe. Unazamisha karatasi kwenye trei chini ya taa nyekundu, unaitikisa taratibu, na kwa sekunde kadhaa inabaki nyeupe tupu. Kisha hutangulia nywele na mboni za macho, ngozi inafuata nyuma. Nimeona maelfu ya nyuso zikija hivyo na sikuwahi kuchoka. Mwanzoni mwa miaka ya 80 bidhaa zilipoadimika, tulikuwa tunapata roli la mita 30 kwa kujuana, tunalikata gizani kwa kupapasa, linatoa filamu 18 hivi za picha 36. Mteja alipigwa picha mara moja tu. Kwa hiyo watu wengi waliomo humo, uso wao wa ujana uko mara moja hiyo.

Mwaka 1984 nikachukuliwa na jarida moja la mwezi, ofisi zake mjini karibu na Mnara wa Saa. Niliingia kama mpiga picha, aliyekuwa mhariri msaidizi akaondoka, kiti nikakalia mimi. Kurasa tulizipanga kwa mkono. Maandishi yakitoka kwa mpanga chapa tunayakata kwa wembe na kuyabandika kwa gundi kwenye karatasi yenye mistari ya bluu hafifu, bluu ambayo kamera ya kiwandani haiioni. Kisha mtu anapanda basi na bahasha mapajani hadi kiwandani, barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Nyerere.

Kwenye kiti hicho nilifanya kosa ambalo sijalisahau. Mwaka 1986 tulichapa picha ya ndugu wawili, mmoja wao alikuwa amefariki wiki chache nyuma. Maelezo ya picha niliandika mimi, na majina nikayageuza. Aliye hai akasomeka marehemu. Alikuja ofisini mwenyewe, jarida kalikunja mkononi. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mama hajui kusoma, lakini ameshasomewa." Tukachapa masahihisho mwezi uliofuata, mistari mitatu chini ya ukurasa.

Tangu siku ile nikafungua daftari. Kila negativu ina namba, jina la kila mtu kuanzia kushoto, mahali na tarehe. Nikarudi nyuma hadi picha za studio kwa kutumia vitabu vya risiti, mwenye studio akiniruhusu.

1988 ofisi ikapata kompyuta. Vijana wengi hamlijui hili: mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na hata masharti yalipolegea baadaye, mashine zilibaki za kuhesabika. Yetu ilikuwa na maandishi ya kijani na milango miwili ya disketi, mmoja wa programu, mwingine wa kazi yako. Wa kutufundisha hakuwepo. Nilibaki jioni na kitabu cha maelekezo pamoja na kamusi. Nikaanza na WordStar, programu ya kuandikia, nikaingia dBase III, ya kupanga orodha, na daftari lile lote nikaliandika humo, usiku baada ya usiku, karibu miaka miwili. Umeme ukikatika hujahifadhi, kazi imekwenda. Hadi leo nikimaliza sentensi vidole vinatafuta Ctrl, K, S, vitufe vya kuhifadhi kwenye WordStar. Baadaye tukapata mashine ya pili yenye diski ya ndani na programu ya kupanga kurasa, PageMaker, wembe na gundi vikawekwa kando.

Daftari lenyewe liliozeshwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, paa lilivuja. Kwa hiyo majina yamebaki kwenye zile disketi peke yake. Bila hizo, masanduku yale ni nyuso zisizo na wenyewe.

Jarida lilifungwa 1996 likiwa linadaiwa mishahara yangu ya miezi 14. Mwenye jarida akaniambia kwa mdomo nichukue negativu na disketi, tuhesabu tumemalizana. Karatasi sina.

Naomba kujua: niuze? Kisheria ni zangu? Na disketi za umri huu zinafunguka? Nawasilisha.

Nimechoka na Kodi

Mzee shikamoo. Mimi nasema uza. Milioni tatu ni pesa, na chumba Mapipa hakikai wazi hata wiki. Negativu haziliwi. Nasema kwa heshima, nimemuuguza baba yangu na najua mzee akikosa akiba inakuwaje.

Dogo wa Kamera

Shikamoo mzee wangu. Napiga picha za harusi, na nimesoma uzi huu mara mbili.

Kabla ya habari ya pesa, fungua sanduku moja ulinuse. Ukipata harufu ya siki, filamu zimeanza kuoza. Filamu za asetati, aina ya plastiki, zikikaa kwenye joto na unyevu hutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza kwake zenyewe na kwa zilizo jirani. Utaziona zinajikunja, zinasinyaa. Hairudi nyuma, inapunguzwa kasi tu. Chumba chini ya bati hapa Dar, mwezi wa pili, ni adui mkubwa.

Fanya hivi leo: zinazonuka zitenge. Zitoe zote kwenye mifuko ya plastiki laini, weka kwenye bahasha za karatasi, bahasha kwenye boksi la karatasi, boksi chumba cha chini chenye hewa, mbali na ukuta wa bafu. Usikimbilie friji. Bila kufungwa vizuri zitapata umande ukizitoa.

Kuzihamisha kwenye kompyuta si lazima uwe na skana ya bei mbaya. Kamera ya kidijitali yenye lenzi ya karibu, stendi, na mwanga mweupe sawia kutoka chini vinatosha. Nina vyote. Jumapili sina kazi, naweza kuja.

Mzee wa Mapipa

Marahaba kijana. Nimenusa. Sanduku la 1977 hadi 1981 lina harufu hiyo, nilikuwa nadhani ni dawa ya zamani imebaki. Mengine matatu bado. Nimeshayatenganisha.

Fundi Mawaya

Mzee heshima yako. Natengeneza kompyuta tangu 1999 na disketi za inchi tano na robo nimezikuta nyingi kwenye stoo za watu.

Usiiweke hata moja kwenye mashine bado. Ishike kwa pembe, itazame kwenye lile dirisha refu ambapo sumaku inaonekana, zungusha katikati kwa kidole taratibu. Ukiona vidoa kama vumbi jeupe au kijivu, hiyo ni kuvu. Ukiiingiza hivyo, kichwa cha kusomea kinakwangua na hiyo disketi imekwisha, na inayofuata utaichafua kwa kichwa hichohicho.

Pili, kile kipengo kilichokatwa ukingoni mwa disketi kizibe kwa kipande cha selotepu isiyopitisha mwanga. Kwenye hizi pana, kuziba ndiko kunakozuia kuandikiwa. Kwenye zile ndogo za inchi tatu na nusu ni kinyume, tundu likiwa wazi ndiyo imezuiwa. Watu wengi huchanganya hapo.

Tatu, ukiwa na mashine ya zamani usiiwashe kwa hamu. Disketi hizi nadhani ni za kilobaiti 360. Zinasomwa na mlango wa zamani uliosafishwa, ukiunganishwa kwenye kifaa kidogo cha umeme kinachonakili mawimbi ya sumaku yalivyo, kisha kompyuta ya sasa inayatafsiri. Vipo, ninacho kimoja. Faili za dBase zinaishia na DBF, na programu ya LibreOffice ya siku hizi inazifungua bila tabu. Kwa hiyo zikisomeka tu, majina umeyapata.

Wakili wa Mtaani

Mzee, hapa ndipo uwe mwangalifu. Kuna makundi mawili humo.

Picha ulizopiga ukiwa mwajiriwa: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi iliyofanywa kwenye ajira, haki zake za kiuchumi huchukuliwa kuwa za mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hiyo filamu unazo mkononi, lakini haki ya kuzichapa na kuziuza inaweza isiwe yako. Yule mwenye jarida akiwa hai, nenda kwake na karatasi ya ukurasa mmoja ikisema alikuachia nini badala ya mishahara. Asaini, mashahidi wawili. Kama amefariki, warithi. Za studio vivyo hivyo.

Wateja wa studio nao ni watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, orodha ya majina na sura zao si kitu cha kumwaga mtandaoni. Wengi walikuja kupiga pasipoti, hawakuja kuonyeshwa.

Huyo mnunuzi atakuletea mkataba wa kuhamisha kila kitu. Usisaini kabla mtu wako hajausoma. Na swali langu kwake lingekuwa moja: mtu anayetaka nyuso na kukuambia majina utupe, anataka kuzifanyia nini?

Mstaafu wa Masijala

Ndugu yangu, nimefanya kazi ya nyaraka maisha yangu yote. Lile la mwisho alilosema Wakili ndilo lenyewe. Picha isiyo na jina tunaipokea, tunaiweka kwenye boksi, na hapo inabaki. Mtafiti akija kutafuta mtaa, mtu au mwaka, haipati. Kazi uliyoifanya usiku na kamusi ndiyo inayozipa zile filamu uzito.

Anza na kitu rahisi, majarida. Kama matoleo yamekamilika, peleka orodha Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya Afrika Mashariki, na Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi. Waulize wanayo yapi. Negativu, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, mtaa wa Vijibweni. Usibebe masanduku siku ya kwanza. Beba barua na ukurasa mmoja wa orodha, uombe makubaliano ya maandishi: nani ataziona, zipi zifungwe kwa miaka mingapi, nakala ngapi zibaki kwako. Pesa nyingi usizitegemee huko. Nisingekudanganya.

Nimechoka na Kodi

Nimeelewa Mstaafu. Lakini chumba cha mzee kitalipwa na nani?

Dogo wa Kamera

Zikishapigwa na kuwekwa mahali salama, chumba kinabaki wazi bila kuuza. Masanduku manne si mengi. Mwanae apewe tarehe, miezi mitatu tuseme, tumalize kabla ya masika.

Binti wa Tandika

Shikamoo baba. Sina utaalamu wowote. Mama yangu alipiga picha Kariakoo kabla hajaolewa, nadhani 1979 au 1980, amesimama mbele ya pazia lililochorwa meli. Picha ilipotea tulipohama. Amefariki mwaka juzi, na tunazo za uzeeni tu. Studio yenu ilikuwa na pazia la meli?

Mzee wa Mapipa

Marahaba mwanangu, pole sana kwa msiba. Tulikuwa nalo. Meli, na upande wa kulia mnazi uliochorwa vibaya, nao tulijitahidi kuuficha nyuma ya mteja. Miaka unayosema ipo kwenye lile sanduku linalonuka. Nitumie jina lake la usichana kwa ujumbe wa faragha, si hapa.

Wanajamvi, nawapa mrejesho. Jumamosi alikuja Fundi Mawaya, Jumapili Dogo wa Kamera. Mwanangu tumekaa naye, amekubali miezi mitatu, na boksi la kwanza amelibeba yeye kuliingiza ndani. Mnunuzi nimempigia kumwambia asubiri, hakufurahi. Mwenye jarida yu hai, Mungu amjalie, yuko Kigamboni. Nitavuka Jumatano na ile karatasi.

Disketi mbili zina kuvu, Fundi amezitenga kwa ajili ya kuzisafisha. Ya kwanza ilisoma nusu. Ya pili imesoma yote, mistari 611. Aliifungua kwenye kompyuta yake, akanisogezea kiti. Mstari wa juu kabisa ni fundi cherehani, Mtaa wa Sikukuu, Idd, 1986, amesimama kushoto kwa mdogo wake. Jina lake kamili lipo. Nikalisoma kwa sauti, nikaenda kutafuta negativu kwa namba, nikaiinua kwenye dirisha. Ni yeye, na mdogo wake yuko kulia.

Picha za 1979 na 1980 ziko kwenye disketi ya nne, nayo imegoma. Fundi anarudi Alhamisi na mlango mwingine wa kusomea.