Risasi za greni 77 zinatua ubavu, tatizo mtutu au mimi?

Wakuu, nina bunduki ya risasi saizi .223, mtutu wake 1:12, yaani risasi inazunguka mara moja kila inchi 12. Za greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) zinatua karibu karibu vizuri tu, ila juzi nimejaribu za 77 kwa mita 100, karatasi imetoka na matundu marefu kama ya ufunguo. Nakosea wapi?

Jicho_Moja: Hujakosea kulenga mkuu, hapo risasi imefika imelala ubavu, haikuzungushwa vya kutosha. Kwa 77 tafuta mtutu wa 1:8 au 1:7.

FundiMtutu: Watu wanaimba uzito uzito, kumbe kinachosumbua hasa ni urefu. Ya shaba tupu ni ndefu kuliko ya kawaida yenye greni zilezile, kwa hiyo nayo inataka mzunguko wa kasi zaidi. Hata Greenhill, yule mwanahisabati Mwingereza, mwaka 1879 alipiga hesabu kwa urefu na kipenyo. Na pima mwenyewe kwanza, bunduki ikiwa tupu: chukua ufito wa kusafishia ambao unajizungusha, funga kitambaa kibane, tia alama, sukuma mpaka alama imalize duara, inchi ulizosukuma ndo jibu.

Muulizaji: Nimepima, 12 kweli. Narudi kwenye 55 zangu 😅