Uliweka tairi kubwa, spidomita ikaanza kukudanganya? Tupeane uzoefu

Mwana wa Kitonga
Wakuu, leo nimepigwa tochi ya spidi na trafiki na bado roho inaniuma. Hilux yangu ilikuwa na tairi za saizi 265/65R17. Mwezi uliopita nikainua kidogo, nikavalisha 285/70R17, gari likakaa kibabe, kila anayepita anageuza shingo. Leo naingia Mdaula, kibao cha 50, mguu nimeutoa kabisa, mshale uko 53. Tatu za juu nakubali ni zangu. Afande ananionyesha tochi: 56. Nikabisha, nikamwomba aje aone dashibodi. Akaniambia, "Dashibodi yako haiandiki cheti." Elfu thelathini imekwenda.
Nilipotoka pale nikawasha ramani ya simu. Mshale 80, simu inasema 84. Yaani tangu nibadilishe tairi natembea na muongo mbele ya macho yangu. Yaliyowakuta nyie ni yapi, na mlirekebishaje?

Kausha Damu
Pole mkuu. Hapo Mdaula hata baiskeli inapigwa tochi.

Msukuma Gari
Mimi sielewi kitu kimoja. Tairi kubwa si inazunguka taratibu? Basi gari litakuwa linaenda polepole kuliko mshale. Huyo trafiki amekuonea.

Bin Spana
@Msukuma Gari umeshika mkia ukadhani ndio kichwa. Spidomita haijui tairi, inahesabu mizunguko tu. Ile 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776, kwa hiyo kilomita moja inaizungusha kama mara 410. Hiyo 285/70R17 ina 831, kilomita ileile inaizungusha mara 383. Gari limemaliza kilomita, mita bado inadai mizunguko 27 ndipo ihesabu moja. Tofauti ni asilimia 7.
Sasa kwa nini simu yake imesema 84 na si 85 na ushee? Kwa sababu kiwandani mshale huwekwa ujisifu kidogo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi, lakini inaruhusu kuzidisha: asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukienda 80 ya kweli, mshale unaweza kusoma mpaka 92 na bado uko halali. Ulipoweka tairi kubwa ulikula ule mto wa usalama wote, ukapitiliza.

Msukuma Gari
Umeandika hesabu nyingi ili tuogope. Mimi Noah yangu niliweka rimu kubwa na spidi haikubadilika hata nukta.

Bin Spana
Uliweka rimu kubwa na tairi nyembamba, kimo cha nje kikabaki kilekile. Rimu haigusi lami mkuu. Labda yako.

Kausha Damu
😂😂 Nimekaa na karanga.

Mie wa Maskati
Hapa Oman vijana wa mchanga ndio mchezo wao, Patrol na Land Cruiser wanazivalisha matairi kama ya trekta. Mwenzenu niliazimwa moja kwenda Nizwa, nikajiona mstaarabu njia nzima, mshale umetulia. Kumbe kila rada ilikuwa inanipiga picha. Ujumbe wa faini ukaenda kwenye simu ya mwenye gari, akanipigia usiku kuniuliza kama nilikuwa nawahi maziko.

Logibuku
Uzi huu umenitonesha. Sikutaka kuandika lakini ngoja niandike.
Nilikuwa dereva wa mradi mmoja, kituo chetu Mafinga. Gari langu Hilux ya zamani, injini ya 3L, tairi 205R16. Njia za kule kwenye misitu masika zinateleza kama sabuni, bosi akasema tuweke tairi zenye meno. Zikaja 265/75R16. Sote tukafurahi, mimi wa kwanza. Gari lilikuwa linapanda mahali ambapo zamani nilikuwa natafuta watu wa kusukuma.
Ofisini kulikuwa na utaratibu: lita moja kilomita kumi. Mwisho wa mwezi mhasibu anachukua logibuku, kile kitabu cha kuandikia safari, anatoa mita ya mwisho kwa ya mwanzo, anagawa kwa lita. Mwezi wa kwanza baada ya tairi mpya nikaonekana nimezidisha lita kama 25. Nikaambiwa niwe makini. Mwezi wa pili vilevile. Mwezi wa tatu wakaanza kunikata mshahara. Mlinzi akaacha kunisalimia. Wenzangu wakaanza kunitania, "Mzee wa dumu, sisi tunakula lini?" Unacheka nao huku unaumia.
Mwezi wa nne walikuja nyumbani. Bosi, mhasibu na mlinzi. Jumamosi asubuhi, mke wangu anafua uani. Hawakusema wanatafuta nini, wakazunguka nyuma ya choo, wakakuta dumu la lita 20. Mlinzi akalifungua, akainamisha pua, akanusa. Akanusa tena. Lilikuwa la maji. Alipoinua kichwa hakuniangalia mimi, alimwangalia bosi, akatikisa kichwa. Bosi akasema, "Sawa," wakaondoka. Mke wangu hakuuliza kitu siku hiyo. Aliniuliza usiku wa pili yake: "Kweli huuzi?" Hilo swali liliniuma kuliko mshahara.
Kilichoniokoa ni safari. Tulitoka magari mawili ya mradi, mimi na mwenzangu mwenye gari la tairi za kawaida. Tumetoka pamoja, tumelala pamoja, tumerudi pamoja, tumefuatana kama kumbikumbi. Kufika getini tunaandika logibuku, yeye kilomita 412, mimi 377. Nikamwambia hebu rudia. 412. Mimi 377. Kilomita 35 nilizipita hewani?
Kesho yake nilimwomba mhasibu apande gari, hakutaka, nikamwambia nitaandika barua ya kuacha kazi palepale mezani. Akapanda. Tukatoka Mafinga kuelekea Makambako. Nikamwambia mama, wewe angalia vile vinguzo vyeupe vya kilomita, hesabu kwa mdomo. Kwenye nguzo ya kwanza nikasimama, nikarudisha ile mita ndogo kwenye sifuri. Akawa anahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea: moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na mbili nikasimama. Mita inasoma 11.0. Akanyamaza. Akasema turudi, tuhesabu tena. Kurudi, kumi na mbili kwa kumi na moja.
Walinirudishia makato ya mwezi mmoja. Mengine waliniambia hesabu zimeshafungwa.

Kausha Damu
Mkuu nimeweka karanga chini.

Tandiboi Mstaafu
Dah.

Msukuma Gari
Chai hii. Kumi na mbili kwa kumi na moja kamili? Na mlinzi ananusa dumu? Imepikwa vizuri, ongeza tangawizi.

Bin Spana
205R16 ni kama milimita 736, 265/75R16 ni 804. Gawanya. 1.092. Kumi na mbili gawanya kwa hiyo, utapata 10.99. Halafu na zile lita 25: ukitembea kilomita 3,000, mita inaandika kama 2,750, zinapotea 250, lita moja kwa kumi. Chai haiwezi kujua hesabu namna hii. Mwombe radhi mzee wa watu.

Msukuma Gari
Siombi radhi kwa mtu nisiyemjua. Ila pole.

Mama Canter
Ngojeni kwanza.
Mimi nina Canter tatu. Moja niliitoa kwenye 7.50-16 nikaiweka 8.25-16 kwa ajili ya mzigo wa viazi Njombe. Tangu hapo nilikuwa naona mafuta hayalingani na kilomita. Dereva niliyekuwa naye alinieleza gari limekuwa zito, nikamwambia uzito uko tumboni mwako. Nilimfukuza mwezi wa pili mwaka huu.
Bin Spana, hizo saizi zinatofautianaje?

Bin Spana
Kama asilimia 6 mama, inategemea na kampuni ya tairi. Na 8.25 zenyewe zinakula mafuta zaidi kidogo, ni nzito. Kwa hiyo alikuwa anasema kweli mara mbili.

Kausha Damu
Mpigie simu mama.

Bosi Asiyelala
Asimpigie. Dereva ni dereva. Hata kama mita ilidanganya, huwezi kujua alichokuwa anafanya Makambako usiku. Mimi nina semi nne, nimeibiwa mpaka maji ya rejeta.

Tandiboi Mstaafu
Ndiyo maana madereva wako hawakai. Wote tunakujua kwa maneno hayahaya.

Bosi Asiyelala
Wewe utingo unanijua mimi?

Tandiboi Mstaafu
Nilikuwa utingo. Sasa nina leseni ya E, ya magari makubwa.

Mwana wa Kitonga
Jamani uzi ulikuwa wa tochi 😅 Mie bado nina 285 na keshokutwa narudi Dar. Nifanyeje?

Wa Salgaa
Mwana wa Kitonga, weka simu kwenye kioo ufuate setilaiti, mambo ya mshale sahau. Huku Kenya malori na matatu tuna spidi gavana, kidhibiti mwendo, ya 80. Niliwahi kutoa 295/80R22.5 nikaweka 315/80R22.5 kwa kichwa cha trela, ni asilimia 3 tu, gavana inadhani 80 kumbe ni 82. Ukiteremka mteremko wa Salgaa na mzigo, hizo mbili unazisikia kwenye breki.

Bin Spana
Semi usifanye ya kichwani ndugu. Kama ina takografu, kile kifaa cha kurekodi mwendo, kuna namba inaitwa K na mzingo wa tairi umeandikwa kwenye kibandiko, fundi mwenye kifaa anaingiza mzingo mpya, saa moja imeisha. Pima tairi ikiwa na upepo kamili na gari limesimama sawa: chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma mzunguko mmoja, pima kwa futi kamba. Usipime ikiwa hewani, tairi ikibeba mzigo inabonyea.

Dereva wa Basi
Sisi wa mabasi tuna kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinasoma setilaiti, hakijui tairi yako wala dashibodi yako. Mshale ukisema uko sawa na chenyewe kinapiga kelele, amini kelele.

Fundi wa Gerezani
Mwana wa Kitonga, hiyo Hilux yako mpya haina waya. Inachukua mwendo kwenye sensa za magurudumu, inapeleka kwenye kompyuta ya breki, ya ABS, ndipo dashibodi. Kuna kiboksi kidogo kinafungwa nyuma ya dashibodi, kinazidisha ile ishara kwa unachokiambia. Mpe mtu anayejua waya upi ni upi, usimpe wa redio. Mimi nimewahi kuletewa gari taa ya ABS inawaka usiku na mchana kwa ajili ya fundi redio.
Za zamani kama ya mzee Logibuku ni rahisi. Chomoa waya wa spidomita kwenye gia boksi, kuna kigia cha plastiki, meno yake yameandikwa ubavuni. Tairi ikiwa kubwa unatafuta chenye meno machache ili kizunguke haraka. Kama kina 33, weka 30. Wengi wanakosea wanaweka mengi, wanarudi wanalia.

Msukuma Gari
Au arudishe tairi zake za zamani, bure.

Mwana wa Kitonga
Nani arudishe? Umeliona gari lilivyokaa?

Kausha Damu
Andika kwenye karatasi "50 = 47", bandika juu ya usukani. Mimi nimefanya hivyo miaka miwili. Mke wangu alidhani ni mahubiri.

Bin Spana
Na tairi zikichakaa inabidi uandike upya 😂 Meno yakipungua milimita 6 kila upande, kipenyo kimepungua 12.

Logibuku
Mama Canter, ulimpigia?

Mama Canter
Nimepiga mara mbili jana haikupokewa. Leo asubuhi kapokea kijana, anasema ni utingo wake, wako foleni Tunduma na semi ya mtu, mzee amelala chini ya tela. Nikamwambia asimwamshe.

Mama Canter
Kanipigia mwenyewe sasa hivi. Nilianza kumweleza habari ya 8.25 na 7.50, akanikatisha, akaniuliza kama ile Canter bado inavuta kushoto.
Inavuta.

Fundi wa Gerezani
Ilete tuangalie mpira wa upande wa mbele.