Tupeane uzoefu: Vepu ya kwanza kwa mtu anayetaka kuachana na sigara

Kipisi cha Mwisho (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nauleta kwa ajili ya mtu wa pakiti moja kwa siku. Kashajaribu kuacha kwa kujikaza, mara mbili tatu, ikashindikana. Sasa mkewe au kaka yake anataka kumnunulia vepu (sigara ya kielektroniki) ya kwanza na hajui aanzie wapi. Dukani anaoneshwa vifaa ishirini, vingine vikubwa kama tochi, vingine vya kutupa vyenye picha za matunda. Anunue kipi, chenye nikotini kiasi gani? Na kwa nini wengi wanakitumia siku tatu kisha wanarudi kwenye sigara? Wanaojua, tupeane vipimo, hatua, na makosa yanayojulikana. Kwa asiyevuta sigara, hapa hakuna cha kununua. Mada hii si yake.

Fundi Podi

Mkuu, nianze na kosa linalorudisha watu wengi kuliko yote: nikotini ndogo mno. Mtu wa sigara ishirini anauziwa juisi (kimiminika chenye nikotini ambacho vepu inakichemsha) ya 3 mg kwa kila ml kwa sababu muuzaji kamwambia "anza taratibu". Anavuta kutwa nzima, koo linakauka, arosto iko palepale. Jioni anashuka kibandani kununua fegi mbili, na nyumbani wanasema hana nia. Nia anayo, alichokosa ni nikotini.

Ukitaka kujua uraibu wa mtu, usihesabu sigara peke yake. Muulize anawasha ya kwanza saa ngapi. Anayewasha ndani ya dakika 30 tangu afumbue macho ameshikwa sana, hata kama siku nzima anamaliza kumi tu kwa sababu ya hela. Huyo mwanzishie nikotini ya chumvi, 20 mg kwa kila ml. Anayeweza kunywa chai, akaoga, akafika kazini ndipo akumbuke sigara, 10 au 12 mg inamtosha. Chupa nyingine zinaandikwa kwa asilimia: 2% ndiyo 20 mg kwa ml, na 5% ni karibu 50 mg. Hizo za 5% ndizo zimejaa kwenye vepu nyingi za kutupa. Kwa anayeanza ni kali kupita kiasi, na kushuka kutoka hapo ni kazi, kwa kuwa hicho kifaa hakikuachii kubadili juisi.

Kwa nini ya chumvi? Nikotini ya kawaida ikifika 18 mg inakwaruza koo mpaka mtu anakohoa machozi. Ya chumvi imeongezwa asidi kidogo, mara nyingi ya benzoiki, ambayo inapunguza ule ukali. Kwa hiyo 20 mg inapita laini na mwili unaipata.

Kifaa chenyewe kiwe podi ndogo ya kujaza, yaani betri yenye kikopo cha juisi kinachochomoka (kikopo hicho nacho kinaitwa podi). Betri kati ya 700 na 1000 mAh, koili (kiwaya kinachochemsha juisi) yenye ukinzani kati ya omu 0.8 na 1.2, nguvu wati 10 hadi 16, na iwake yenyewe ukivuta, bila kitufe. Uwell Caliburn, Vaporesso XROS na OXVA Xlim ni za ukoo huo. Angalia podi iwe ya kuona ndani, ili ajue juisi imebaki kiasi gani, na tundu la hewa liwe la kurekebisha. Mvutaji wa sigara amezoea hewa ya kubana: anavuta mdomoni kwanza, kisha anashusha mapafuni. Kifaa kikipitisha hewa bwerere kama mrija wa soda, mwili wake unakikataa siku ya kwanza.

Yale makubwa yanayotoa wingu la kujaza chumba ni kitu kingine kabisa. Koili zake ni omu 0.15 hadi 0.3, wati 50 na kuendelea, na yametengenezewa juisi ya 3 mg au chini. Ukiweka humo juisi ya chumvi ya 20 mg, mivuto mitatu tu inatosha kumpa mtu kizunguzungu, jasho la baridi na kutapika. Hilo kosa linafanyika, tena na watu wenye nia njema: wanaona kifaa kikubwa, wanadhani ndicho bora.

Mja wa Leicester

Naongezea kwa walioko Uingereza, maana huku mambo yamewekewa mipaka na inasaidia kuchagua. Juisi yenye nikotini haizidi 20 mg kwa ml, chupa yake haizidi 10 ml, na tangi halizidi 2 ml. Vepu za kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa tangu 1 Juni 2025, kwa hiyo podi ya kujaza ndiyo njia. Kuanzia 1 Oktoba 2026 umepangwa ushuru wa pauni 2.20 kwa kila 10 ml ya juisi. Ukipiga hesabu ya mwezi, uuweke.

Kabla ya kutoa hela, uliza huduma ya kuacha sigara ya mtaa unaoishi. Nyingi zinatoa kifaa cha kuanzia bure pamoja na mshauri wa kuongea naye kila wiki. Huyo mshauri msimdharau. Utafiti uliofanyika ndani ya huduma hizo England ukatoka mwaka 2019 ulikuwa na watu 886, na wote walipata ushauri. Baada ya mwaka, waliopewa vepu asilimia 18 walikuwa wameacha sigara, na waliopewa viraka vya nikotini, bigijii ya nikotini na mfano wake ni asilimia 9.9. Ni karibu mara mbili, lakini pia oneni kwamba wengi bado walishindwa. Kifaa hakimalizi kazi peke yake.

Bi Mkubwa wa Nyali

Wanangu, nauliza kwa niaba ya wengi. Kifaa kipya, juisi mpya, mtu avuta mara ya kwanza apata ladha ya kitambaa kilichoungua. Hapo kosa ni la nani?

Fundi Podi

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo kosa ni haraka.

Ndani ya koili kuna waya mwembamba umezungushiwa pamba. Waya unachemka, pamba inauletea juisi. Pamba ikiwa kavu, waya unaichoma yenyewe, na pamba iliyoungua haiponi. Hata uijaze juisi kiasi gani, ile ladha inabaki mpaka ubadilishe koili.

Kama koili inatoka, itazame ubavuni: kuna vitundu vidogo, na ndani yake utaona pamba nyeupe. Dondoshea tone moja moja kwenye kila kitundu, kisha moja juu, katikati. Pamba inabadilika kutoka nyeupe ya chaki kuwa kama imelowa mafuta. Matone matatu manne yanatosha, usiimwagie. Irudishe, jaza podi, kisha isimamishe mezani dakika kumi. Kama koili imejengewa ndani ya podi, jaza tu na usubiri hizo dakika kumi. Mivuto mitano ya kwanza iwe mifupi, na kati ya mmoja na mwingine ipe nusu dakika.

Sababu ya pili ni juisi nzito. Juisi imechanganywa propilini glaikoli, ambayo ni nyepesi, na gliserini ya mimea, ambayo ni nzito. Chupa zinaandika PG na VG. Kwa podi ndogo tafuta 50/50. Ile ya 70 VG haipenyi haraka kwenye vitundu vya koili ya omu 1.0, pamba inakauka katikati ya kuvuta, na moto unaingia.

Ya tatu ni sukari. Juisi tamu sana, za keki na pipi, zinaacha utando mweusi juu ya waya kama sufuria iliyoungulia maziwa. Koili ambayo ingekaa wiki mbili inakufa kwa siku nne. Mwanzoni chukua menthol, tumbaku, au tunda lisilo na utamu mwingi. Na msishangae ladha ya tumbaku isipomkalia: haifanani na moshi, na wapo wanaokerwa nayo kuliko wakikosa kabisa.

Kipisi cha Mwisho

Na kuvuta kwenyewe? Naona watu wanakohoa wanaacha.

Fundi Podi

Hilo ndilo somo ambalo duka halifundishi. Sigara inavutwa kwa nguvu na kwa ufupi, sekunde mbili hivi. Vepu ikivutwa hivyo, juisi inanyonywa na kujaa kwenye koili kuliko waya unavyoweza kuichemsha. Utasikia inakoroma, na kitone cha juisi ya moto kitaruka ulimini, kinawasha kama pilipili. Vuta polepole, sekunde tatu au nne, kama unayekunywa uji wa moto. Kikohozi kidogo siku za mwanzo ni kawaida.

Ikishakoroma: toa podi, funika mdomo wake kwa tishu, ikung'ute kwa kushusha mkono mara tatu kwa kishindo, futa unyevu chini ya podi na zile shaba za kugusana na betri, rudisha.

Jambo jingine, nikotini ya vepu kwa kawaida inapanda damuni polepole kuliko ya sigara. Mwambieni mtu mapema, asije akasema baada ya mivuto mitatu "hakifanyi kazi". Mivuto kumi, aweke chini, asubiri dakika tano. Na vepu haina kipisi cha kumwambia imekwisha, kwa hiyo anatakiwa asikilize mwili: kichwa kuuma, kwikwi, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, hapo amepitiliza, apumzike anywe maji. Akiwa mkali, hana utulivu wa mawazo, anawaza sigara tu, hapo bado haitoshi. Kwa mtu wa pakiti moja, 2 hadi 4 ml kwa siku si jambo la kushtua.

Mfamasia wa Zamu

Nisisitize mambo ambayo fundi hayaoni.

Moshi wa sigara unaharakisha kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini na dawa kadhaa. Kinachofanya hivyo ni kemikali za moshi, nikotini haihusiki. Kwa hiyo mtu akihamia vepu, siku chache tu ini linapunguza kasi. Anayekunywa vikombe vitano vya kahawa ataanza kutetemeka na kukosa usingizi, adhani ni vepu au arosto. Apunguze kahawa kwa nusu. Anayetumia clozapine, olanzapine au theophylline asihame kimyakimya. Amwambie daktari kabla, maana dawa inaweza kuzidi mwilini kwa dozi ileile ya zamani.

Sheria nazo tazameni. Uganda imezuia sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya mwaka 2015. Oman na Qatar pia haziruhusu kuuzwa, kwa hiyo ndugu mnaosafiri kwenda Maskati au Doha msibebe. Shirika la Afya Duniani halijazikubali kama tiba ya kuacha sigara, ilhali Uingereza wanazitumia. Ukiwa mahali zilipozuiwa, njia ipo: kiraka cha 21 mg kwa anayezidi sigara kumi kwa siku, pamoja na bigijii ya nikotini, 4 mg kwa yule wa kuwasha ndani ya nusu saa. Bigijii hiyo haitafunwi kama peremende. Itafune taratibu mpaka usikie inawasha, iegeshe kati ya shavu na fizi, ikipoa tafuna tena, nusu saa. Ukiitafuna mfululizo nikotini inaishia tumboni na kukuletea kiungulia.

Mjamzito aanze na mhudumu wa afya, asianze na duka. Na chupa ya juisi ikae juu, imefungwa. Ina rangi na harufu ya pipi, na kiasi kidogo mno kinaweza kumdhuru mtoto. Ikimwagikia ngozi, osha kwa maji na sabuni papo hapo.

Msinunue pia juisi iliyofungwa mtaani kwenye chupa isiyo na lebo. Mlipuko wa ugonjwa wa mapafu Marekani mwaka 2019, uliolaza watu 2,807 na kuua 68 hadi Februari 2020, ulihusishwa hasa na asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi ya vichochoroni. Vepu si hewa safi. Inashinda sigara kwa mtu ambaye angevuta sigara, basi.

Mja wa Leicester

Anayeletewa kifaa kutoka huku: betri inapanda na begi la mkononi, haiwekwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Podi isafiri tupu, kwa sababu shinikizo la hewa likishuka angani juisi inasukumwa nje na utakuta begi limelowa.

Bi Mkubwa wa Nyali

Na joto la pwani je? Watu waziacha garini.

Fundi Podi

Si vizuri, Bi Mkubwa. Joto linaifanya juisi kuwa nyepesi inavuja kwenye matundu ya hewa, nikotini inageuka kahawia na kupoteza ladha, na betri ya lithiamu haipendi jua la dashibodi. Chaja iwe ya kawaida ya 5V, isiyo ya kasi, na mtu asilale ikiwa inachaji. Vifaa vya betri ya kutoa, zile 18650, simshauri anayeanza. Betri hiyo ikiwa mfukoni na funguo au sarafu inaweza kupiga shoti na kuwaka.

Kuhusu kuchanganya: wiki ya kwanza wengi wanavuta vyote viwili, isiwatishe. Lakini ikiwa mwezi umepita na bado anavuta sigara tano kila siku, faida ya kiafya ni ndogo. Angalieni tena nikotini, pengine ni ndogo, na tafuteni ile sigara moja iliyogoma, mara nyingi ya asubuhi au ya baada ya kula. Vepu ilale imechajiwa, imejazwa, kando ya kitanda, iwe karibu kuliko kiberiti. Kushuka kutoka 20 mg kwenda 10 mg kusubiri mpaka apite miezi miwili mitatu bila fegi hata moja. Akishuka akaanza kuvuta mara mbili zaidi, arudi juu bila aibu.

Na siku mnanunua kifaa, nunueni podi au koili mbili za akiba hapohapo. Koili inaungua saa tatu usiku, duka la vepu limefungwa, na kibanda cha sigara za mojamoja kiko wazi.