Mashine ya boti inaishiwa nguvu ikibeba mzigo, naomba ushauri kabla ya Ijumaa

MteraKwetu
Wakuu, habari za jioni. Nahitaji watu wanaojua mashine za boti, maana usingizi umenipaa.

Nina boti ya mbao, futi 24, na mashine ya 15, yaani nguvu za farasi 15, ile ya kuchanganya oili na petroli. Kazi yangu iko bwawa la Mtera. Nazunguka kwenye makambi ya wavuvi, nanunua perege na kambale, nawaleta kando ya barabara ambako gari la Dodoma linachukua. Boti ikiwa tupu, mashine inakwenda vizuri kabisa na inawaka mvuto wa kwanza. Nikishapakia, nikivuta moto wote, yaani mafuta mpaka mwisho, inaguna na mwendo haupandi. Pua ya boti inanyanyuka, inabaki hapo hapo. Nikipunguza moto inatulia. Juzi nimefika barafu imeyeyuka yote, samaki wa chini wamelegea, mnunuzi wa soko la Majengo kawakataa.

Plagi nimebadilisha, kabureta nimesafisha. Fundi wa hapa anasema mashine imechoka, nitafute nyingine. Ni kweli imekufa? Marejesho ya kikoba ni kila Jumatatu, na uamuzi natakiwa kuufanya kabla ya Ijumaa.

Kibaigwa Nafaka
Pole mkuu. Mimi nilikuwa na mashine ya kukoboa mahindi hapa Kibaigwa, tabia hiyo hiyo. Ikiwa tupu inaimba, ukimwaga gunia inakohoa. Fundi wa kwanza akanifungulia injini yote, kala hela. Wa pili akanifungulia tena. Wa tatu alikuwa kijana mdogo tu, akashika mkanda kwa kidole, akasema mzee, huu umelegea. Tukaukaza, mpaka leo inakoboa. Kwa hiyo angalia mkanda.

Nyangumi Mkavu
Mkanda kwenye mashine ya boti? Mzee wangu, hapo umetupeleka Kibaigwa moja kwa moja.

Fundi wa Pangani
Ndugu yangu MteraKwetu, kabla hujaizika hiyo mashine nijibu mambo machache. Nimetengeneza hizi mashine tangu nikiwa kijana.

Kwanza, ikikosa nguvu, sauti inapanda au inashuka? Kama inapanda, inalia kwa ukali halafu boti haiendi, basi mpira wa ndani ya propela umeachia. Hapo Mtera kuna miti iliyofia majini, ukigonga kisiki mpira huo huachia, shafti ikazunguka na propela isiifuate. Kama sauti inashuka, mashine imebanwa au haili vizuri.

Pili, ikianza kuguna, mtu mmoja abinye ile pampu ya mpira kwenye bomba la mafuta. Ikifufuka, tatizo ni mafuta kutofika: tundu la hewa kwenye mfuniko wa tenki limefungwa, au pampu ya mafuta imechoka, au bomba linavuta hewa.

Tatu, chota petroli kwenye chupa nyeupe, iache usiku mzima. Maji yatakaa chini utayaona. Petroli ya madumu ya kando ya barabara usiiamini.

Nne, plagi ulizotoa zilikuwa na rangi gani, zote mbili?

Na la mwisho ndilo kubwa: kabla shida haijaanza, ulibadilisha nini?

MteraKwetu
Asante sana fundi. Sauti inashuka, inakuwa nzito kama imekabwa. Pampu tumebinya, haikubadilika kitu. Petroli nitaipima leo. Plagi zote mbili zilikuwa za kahawia, zinafanana. Maji ya kupoozea yanatoka vizuri nyuma.

Hakuna nilichobadilisha. Naomba mniambie tu, mashine ya 15 ikifika hapo inatengenezeka au ndiyo basi?

Mama Upendo
Mdogo wangu, mimi sijui mashine, lakini nimesoma "nikishapakia" nikashtuka. Unapakia nini? Una maboya ya kuvaa kwa kila mtu? Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na mzigo ulikuwa umezidi. Boti ikikwambia siwezi, inakuambia ukweli. TASAC, wale wa usalama wa vyombo vya majini, wanakagua vyombo vidogo pia, nenda wakikague. Nasema kama dada yako.

MteraKwetu
Dada, nashukuru. Ni samaki na barafu tu, na vijana wawili. Mzigo ni ule ule wa siku zote na zamani ulikuwa unabebeka.

Mkweli wa Area D
Samahani wadau, mimi naona hapa tunanyweshwa chai. Dodoma hii ninayoishi, maji ya bombani yenyewe ni ya mgawo, leo mtu ana boti ya futi 24? Halafu angalieni: kila akiulizwa anarudi pale pale, "mashine imekufa au haijafa", na kuna Ijumaa. Ijumaa kuna nini? Kesho kutwa ataibuka mtu na mashine ya kuuza. Huyu ni dalali.

Binti Kizota
Mbukwenyi! Kaka wa Area D, toka mjini siku moja. Panda basi la Iringa, barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe. Utaona maji mpaka macho yachoke, na wauza samaki watakuzingira dirishani. Mtambo wa umeme wa pale unatoa megawati 80 tangu 1988, na maji yake yanashuka kwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu.

Mkweli wa Area D
Bwawa nalijua dada, sijakataa bwawa. Nakataa stori. Mtu mwenye shida ya kweli husema kila kitu.

Nyangumi Mkavu
Hapo kwenye Ijumaa hata mimi nimekwama. MteraKwetu, Ijumaa kuna nini?

MteraKwetu
Mimi siyo dalali na siuzi chochote. Mnataka kila kitu, haya.

Ijumaa namalizia hela ya mashine ya 40 iliyotumika, nimeshatanguliza milioni 2. Mwenye nayo anasema nisipomalizia anampa mtu mwingine. Ndiyo maana nauliza kama hii ya 15 imekufa, nisije nikawa natupa hela.

Na kwa anayesema sina boti, mashine yangu iko hapa mbele yangu, na propela niliyoileta kutoka Bagamoyo mwezi uliopita imeandikwa 9¼ x 12. Nani atabuni hiyo?

Fundi wa Pangani
Simama hapo hapo. Propela ya Bagamoyo, mwezi uliopita? Mbona ulisema hujabadilisha kitu? Ya zamani imeandikwaje?

MteraKwetu
Fundi, niliulizwa kuhusu mashine, na mashine sijaigusa. Propela ni kifaa cha nje. Ya zamani ni 9¼ x 9, ilikuwa imemeguka ncha kidogo kwa kisiki. Hii mpya nimeinunua makusudi kwa sababu nilitaka mwendo, barafu isiyeyuke njiani. Na nilipoijaribu boti ikiwa tupu ilikimbia kuliko zamani. Kwa hiyo haiwezi kuwa tatizo.

Fundi wa Pangani
Ndugu yangu, ndiyo tatizo lenyewe, na limekaa mahali pake kabisa.

Namba ya kwanza ni upana wa propela kwa inchi. Ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inakata kitu kigumu. Umetoka 9 kwenda 12. Kila inchi moja unayoongeza hapo inaikata mashine mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Umeikata 450 mpaka 600. Mashine ndogo ya kuchanganya oili nguvu yake iko juu, kwenye mizunguko karibu 5,000 na zaidi. Ikizuiwa isifike huko, haina kitu. Boti tupu ni nyepesi, ikasogea, ukafurahi. Ukipakia, ni kupanda mlima wa Kitonga na lori kwa gia ya juu.

Na kuna jambo ambalo aliyekuuzia hakulifikiria. Bagamoyo ni usawa wa bahari. Bwawa la Mtera likijaa, maji yake yanasimama mita 698.5 juu ya usawa huo. Hewa inapungua, na mashine hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwako ni karibu asilimia 7 imeshaondoka kabla hujapakia hata perege mmoja. Propela inayobebeka pwani, huko juu ni mzigo.

Usiendelee kuiendesha hivyo. Mashine inayobanwa kwa moto wote inachemka ndani, pistoni zinakwaruza. Hapo ndipo itakufa kweli.

Kibaigwa Nafaka
Si nilisema siyo injini? Mkanda wa boti ndiyo propela. Mafundi wanakimbilia kufungua injini.

MteraKwetu
Nimekuelewa fundi, na nashukuru kwa kunieleza kwa urefu. Lakini nikirudi kwenye ile ya 9, mwendo utakuwa ule wa zamani. Na ya 40 itamaliza yote kwa mkupuo, na propela hii hii ingeweza kutumika.

Fundi wa Pangani
Propela hiyo haiingii kwenye ya 40, shafti ni nene zaidi. Na ubao wa nyuma wa boti yako ulijengwa kwa ya 15. Ya 40 ina uzito unaokaribia mara mbili, na msukumo wake utaupasua ubao. Utalazimika kuujenga upya, mbao nene, magoti ya kuushikilia, boliti zipite mpaka ndani. Mafuta nayo: ya 15 kwa moto wote inakula kama lita 6 kwa saa, ya 40 inakaribia 15. Pigia hesabu kwa bei ya petroli ya huko.

Mkweli wa Area D
Nafuta neno dalali. Lakini mkuu, hela uliyotanguliza una karatasi yoyote?

MteraKwetu
Tuliaminiana tu, ni mtu wa hapa hapa.

Mama Upendo
Nenda ukazungumze naye na mzee wa kuaminika, mdogo wangu. Usiende peke yako.

MteraKwetu
Nitaenda na baba mdogo. Fundi, ile ya 9 yenye ncha iliyomeguka inafaa, au itatikisa?

Fundi wa Pangani
Kama imemeguka kidogo, isugue kwa tupa na mapanga mengine uyasugue yalingane, itatosha kwa jaribio. Kabla ya kuifunga, angalia nyuma yake kama kuna uzi wa nyavu umejisokota kwenye shafti, utoe, paka grisi, weka pini mpya ya kukunja, usirudie ya zamani. Pakia mzigo wako wa kawaida, vuta moto wote, sikiliza. Sauti ikipanda ikafunguka, mashine ni nzima. Fanya Alhamisi asubuhi, kabla hujatoa shilingi nyingine.