Mdogo wangu anamaliza form six Tabora na anataka jeshi: mujibu wa sheria au kujitolea?

Asali Mbichi:
Wakuu, heshima kwenu. Dogo ana miaka 20, anasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) hapa Tabora mjini. Anataka Jeshi la Wananchi (JWTZ), ikiwezekana awe afisa. Mzee anasema chuo kwanza. Aanzie wapi? Kwetu Kasulu, na cheti cha kuzaliwa hana.

Mwanga Sokoni:
Mkuu, hiyo ni milango miwili tofauti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mujibu wa sheria haombi mtu. Akishamaliza mtihani, JKT hutoa majina kwa shule na kambi, anakaa kama miezi mitatu, kisha anaendelea na chuo. Asitegemee kubaki kambi ya Msange hapo Tabora. Anaweza kupelekwa Bulombora, Mtabila au hata Tanga.

Kujitolea ni miaka miwili, na maombi hupitia ofisi ya mkuu wa wilaya au mkoa tangazo likitoka. Kinachokata wengi ni umri: matangazo ya karibuni yaliweka ukomo wa miaka 22 kwa form six na 26 kwa shahada. Kwa hiyo mzee hajakosea, ila aangalie kozi. Shahada ya miaka mitatu inamtoa na 23 au 24, bado yumo. Udaktari ni miaka mitano na mwaka wa mazoezi juu yake, hapo anagonga ukuta. Na akiacha chuo katikati akiwa na 23, hawezi kuomba kwa form six wala kwa shahada.

Halafu JKT husema wazi kwamba haitoi ajira. Msimjaze matumaini.

Mti wa Mninga:
Hicho cheti ni kazi ya wiki hii, msingoje Juni. Aombe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kupitia ofisi ya wilaya alikozaliwa. Abebe cheti cha darasa la saba, cha ubatizo kama kipo, barua ya mtendaji na vitambulisho vya wazazi. Sisi wa mpakani uraia wa wazazi huulizwa sana, kwa hiyo namba zao za NIDA (kitambulisho cha taifa) ziwe tayari. Jina lifanane na la cheti cha form four herufi kwa herufi. "Yohana" huku na "Johana" kule, unarudishwa kula kiapo kwa wakili.

Matokeo hutoka Julai na dirisha la vyuo hufunguliwa akiwa bado kambini. Nakala za vyeti vyote aende nazo, nyingine abaki nazo mzee.

Kuruta Mstaafu:
Begi: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, traksuti ya rangi hizo hizo, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, na nauli ya kwenda na kurudi. Raba azivae mapema. Raba mpya kwenye mchakamchaka ni malengelenge siku ya pili.

Uafisa hauombwi kutoka shuleni. Mtu huandikishwa kwanza kama kuruta, kisha huchujwa humo ndani kwenda chuo cha kijeshi cha Monduli, ambako kuna Shahada ya Sayansi ya Kijeshi ya miaka mitatu. Hesabu na fizikia asizitupe.

Asali Mbichi:
Asanteni sana. Kuna jamaa anadai laki tano ili jina lipite.

Mwanga Sokoni:
Maombi hayalipiwi hata shilingi. Namba ya huyo jamaa ipeleke TAKUKURU, wanaopambana na rushwa.