Tupeane uzoefu: ulivunjika au kuteguka wapi, na ulimkimbilia nani kwanza?

Mzawa wa Mikindani:
Habari za jioni wakuu. Wiki ya tano leo niko barazani, mguu juu ya stuli, hogo (plasta ngumu ya mguuni) limejaa majina ya wapwa zangu kwa kalamu ya bluu. Nilianguka na bodaboda kwenye mchanga, njia ya Msimbati. Umevunjika muundi, ule mfupa wa mbele unaojigonga kwenye kitanda usiku umeme ukikatika.

Kilichonishangaza si maumivu, ni ushauri. Pikipiki haijapoa, watu sita wamefika, na kila mmoja ana fundi wake wa mifupa. Mmoja alishaanza kunichua! Aliyeniokoa ni mzee mmoja mkulima. Alikata pongoo mbili za kuti, akaziweka huku na huku, akafunga kwa khanga, akasema "asiunyooshe mtu mguu huu, mpakieni hivyo hivyo." Hakusema lingine.

Sasa semeni yenu. Nadharia sitaki, nataka uliyopitia mwenyewe.

Binti Newala:
Pole kaka. Mimi nilidondoka mwembeni nikiwa na miaka minane, kiwiko cha kushoto. Nikapelekwa kwa fundi. Akamkamata kuku, akamvunja mguu mbele yangu, akamfunga vibanzi kama vyangu na dawa ile ile. Kuku akitembea, na mimi nimepona. Basi kila asubuhi kazi yangu ni kumchungulia kuku.

Kuku alitembea vizuri tu, hata mayai akataga. Mkono wangu ndio uliogoma. Mpaka leo nikiunyoosha unapinda kuelekea mwilini kama kitako cha gobole, na kwa mkono huo bega siligusi. Ila nisimsingizie mzee wa watu: mguu wa kaka yangu aliuunga ukanyooka. Kiwiko cha mtoto ndicho kilichomshinda.

Mfunga Hogo, Masasi:
Dada Newala, kiwiko cha mtoto hutusumbua hata sisi wenye eksirei. Unaovunjika ni mfupa wa juu ya kiungo, pale ulipokuwa mwembamba, na mshipa mkubwa wa damu wa mkono unapita mbele yake. Ukiungana vibaya, ndiyo hiyo gobole.

Mimi kazi yangu ni plasta, mwaka wa kumi na moja sasa. Mfupa wenyewe hauna haraka wala mbwembwe. Damu inaganda pale ulipokatika, halafu linaota kovu laini, halafu kovu linakuwa mfupa. Mkono wa mtu mzima, wiki sita hivi. Mtoto anawahi zaidi. Fupa la paja usilihesabie chini ya miezi mitatu. Na sigara inachelewesha, wavutaji mnisamehe.

Kinachoninyima usingizi ni vibanzi vilivyokazwa. Aliletwa mvulana siku ya tatu baada ya kufungwa, mkono umevimba, nikamwambia acheze vidole, hakuna. Nikambonyeza kucha, weupe haukurudi kuwa wekundu. Mama yake akaniambia, "Jana alikuwa analia sana, leo ametulia, nikajua anapona." Sikuweza kumtazama usoni. Nyama ikikosa damu saa sita tu, inaanza kufa. Mkono ulikatwa.

Kwa hiyo hata hogo la hospitali, mkuu wa Mikindani: vidole vikifa ganzi, vikiwa vya baridi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usisubiri tarehe ya kliniki. Rudi usiku huo huo.

Mama wa Mingoyo:
Yangu si ya kuvunjika. Mwanangu akiwa na miezi tisa, viganja na nyayo vilivimba, vidole vinene kama ndizi sukari. Mama mkwe akasema kateguka, mbebaji kamvuta vibaya. Tukamchua kwa mafuta ya nazi siku nne, mtoto analia mpaka sauti inakauka.

Hakuteguka. Ni selimundu. Chembe za damu zinajikunja, zinaziba vijishipa ndani ya mifupa, mfupa unakosa damu na kuuma. Kwa watoto wachanga huanzia mikononi na miguuni. Nikikumbuka tulivyokuwa tunamkanda pale pale panapouma… Sasa yuko darasa la tatu, anakunywa dawa na maji mengi. Nyonga yake ndiyo tunayoiangalia, maana huko nako mfupa huweza kufa.

Mjukuu wa Kilwa:
Bibi aliteleza bafuni, si kuanguka kwa maana ya kuanguka, alikaa chini tu. Tukamlaza, tukasema kesho atainuka. Jirani alipokuja akasema tazameni miguu: wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe na wayo umelala nje. Shingo ya paja. Kumbe wanawake hedhi ikikoma mifupa huanza kupungua uzito ndani kwa ndani, na huioni mpaka ivunjike.

Mchana Jua Lindi:
Mnamsahau mgonjwa wetu mkubwa kuliko wote. Yule mjusi wa kale, dinosaria wa kilima cha Tendaguru huku Lindi, Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, mababu zetu wakabeba mifupa kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Leo amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Amelazwa miaka mia na ushee na ruhusa hajapewa.

Mzawa wa Mikindani:
Mtani acha, nikicheka hogo linawasha, na mke wangu ameficha kijiti cha kujikunia. Mfunga Hogo, umenitisha, nimecheza vidole vyote vitano hapa, viko hai. Nimepangiwa kukatwa hogo Jumatatu ijayo. Ile mashine haiwezi kupitiliza mpaka kwenye ngozi?

Mfunga Hogo, Masasi:
Ina kelele za bure tu. Meno yake hayazunguki, yanatetemeka. Plasta ngumu inakatika, ngozi inatetemeka nayo. Utasikia joto kidogo, ukiona limezidi sema. Utakachoshtukia ni mguu wenyewe, mwembamba, magamba kama samaki mkavu. Mguu utanenepa tena, usiogope.

Binti Newala:
Na ubebe kiatu cha pili kaka. Mdogo wangu alisahau, akarudi nyumbani na ndala moja, juani, lami ya mchana.