Binti anaolewa Desemba, na fomu ya msaada wa ada Marekani inafunguliwa Oktoba: ajaze kabla au baada ya ndoa?

MamaMdogo_Moshi
Wanajamvi, habari za jioni. Marehemu dada yangu aliacha binti. Sasa ana miaka 21, yuko mwaka wa pili chuoni Minnesota, anaishi kwa baba yake na ana ukazi wa kudumu, kwa hiyo kila mwaka anaomba msaada wa serikali ya kule kwa fomu ya FAFSA. Baba na mama wa kambo wana kipato kizuri kwenye makaratasi, ila ada hawachangii, na kwa sababu ya kipato hicho mtoto anaambulia kidogo sana. Mchumba wake anaongoza watalii hapa Arusha. Mahari tumeshapokea, ndoa ni Desemba, Kibosho. Wifi yangu anasema mahari ikishatoka aandike ameolewa. Mimi roho inasita. Naombeni ushauri, asije akaacha chuo.

Njiro_Juu
Pole na majukumu, mama. Nilisoma huko, fomu hii nimeijaza. Kinachoangaliwa ni hali yake siku anayosaini. Akisaini Oktoba ni mchumba tu, na kwa kuwa hajafika miaka 24, kipato cha baba kinaingia hata kama baba hatoi senti. Akisaini baada ya ndoa, baba na mama wa kambo wanatoka kabisa, anaingia mume.

Hapo msikimbilie kushangilia. Fomu inatumia kipato cha miaka miwili nyuma: ya 2026–27 inaangalia 2024. Kipato cha mume cha mwaka huo kinahesabiwa hata kama walikuwa hawajafahamiana. Malipo ya safari za Serengeti nayo yanageuzwa kuwa dola na kuandikwa. Kaeni na kijana mpige hesabu zake kwanza. Kama ni cha kawaida kwa huku kwetu, binti anaweza kusogelea kiwango cha juu cha Pell (ruzuku ya serikali ya kule kwa wanafunzi wa kipato kidogo), ambacho kwa 2025–26 ni dola 7,395, na pesa hiyo hairudishwi. Mkopo wa serikali nao kwa mwaka wa tatu unapanda kutoka 7,500 hadi 12,500, lakini huo ni deni. Asichukue wote kwa sababu tu ameruhusiwa.

Wakili_Sakina
Shikamoo mama. Wifi asisikilizwe. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kupokea mahari hakumfanyi binti kuwa mke wa mtu. Akiandika ameolewa kabla ya ndoa amesema uongo kwa serikali ya Marekani, na adhabu ni faini hadi dola 20,000, kifungo, au vyote. Wakitaka kutangulia bomani ni haki yao, ila msajili apewe taarifa siku 21 kabla.

Binti_Meru
Naomba nipingane kidogo na habari ya kusubiri. Majimbo na vyuo vina tarehe zao, na fungu lingine likiisha limeisha. Aulize kwanza chuo chake mwisho ni lini. Kama ni Novemba, ajaze sasa kama hajaolewa, kisha baada ya ndoa apeleke cheti ofisi ya misaada ya fedha ya chuo. Yeye mwenyewe hawezi kubadilisha hali ya ndoa kwenye fomu, ila ofisi ile ina hiari ya kumbadilishia. Wanaweza pia kukataa, ajue hivyo.

MamaMdogo_Moshi
Marahaba mwanangu wakili, na asanteni wote. Nimempigia sasa hivi, anasema kwao mwisho ni Machi 1. Basi atajaza Januari cheti kikiwa mkononi. Je, aandike jina la mume?

Njiro_Juu
Hapana, mama. Jina lifanane na lililoko kwenye kadi yake ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), vinginevyo fomu itakwama. Abaki na la baba yake hadi atakapobadilisha kule kwanza. Na mume afungue mapema akaunti yake kwenye mtandao wa fomu hiyo, maana naye atatakiwa kuingia na kusaini. Hata asiye na namba ya Social Security anafungua.